Kweli gani? Shajara ya projekti yangu ya sheria na kriminolojia

Wiki ya 1, Jumapili usiku

Nimefika Malindi. Asubuhi mashua kutoka Lamu hadi Mokowe, alafu basi, Witu, Garsen, kila kizuizi mnashuka mnaonyesha vitambulisho mnapanda tena, na alasiri nikawa niko kwa halati, dadake mama, hapa Shela, Shela ya Malindi si ile ya kwetu. Kanipa chumba cha nyuma na meza ya kuandikia na amesema nikae hadi nimalize.

Supavaiza wangu anataka kila anayefanya utafiti aweke shajara, hata siku ambayo hukufanya kitu uandike sikufanya kitu, kwa hivyo hii ndiyo yangu. Niko mwaka wa nne, nasoma sheria nimeiunganisha na kriminolojia, na nyumbani wengi wakisikia wanadhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Sheria inakufunza kuuliza huyu ameshtakiwa kwa kifungu gani, upande wa mashtaka una ushahidi gani, na je umethibitisha kiasi cha kutobakisha shaka ya maana. Kriminolojia inauliza mengine kabisa, kwa nini kitendo hiki kiliitwa uhalifu na kile hakikuitwa, kwa nini huyu ndiye aliyeshikwa, na akishaitwa mwizi maisha yake yaliyobaki yanakwendaje. Yaani asubuhi moja nasomeshwa hukumu ya Woolmington ya 1935 kule Uingereza, iliyosema kazi ya kuthibitisha ni ya mashtaka na si ya mshtakiwa, na kabla ya adhuhuri niko kwa mwalimu mwengine anatueleza Lombroso, yule daktari wa Italia aliyepima mafuvu na sura za wafungwa na 1876 akaandika kwamba kuna watu wamezaliwa wahalifu. Mwaka wa kwanza nilikuwa natoka hapo kichwa kinagonga. Saa hii naona kila upande unamuuliza mwenzake swali ambalo peke yake asingelifikiria, na ndio maana nikataka projekti ya mwisho iwe ya pande zote mbili.

Mpango ulikuwa kuongea na mahabusu walioko rumande kuhusu dhamana.

Wiki ya 1, Alhamisi

Mpango umekufa. Kibali cha kuingia rumande hakijatoka, barua nimepeleka miezi mitatu iliyopita, nimepiga simu, nimeenda mwenyewe, naambiwa faili liko juu, njoo wiki ijayo. Nimeumia kwa sababu maswali nilikuwa nimeyapika vizuri sana na muhula haungoji faili la mtu.

Nimempigia supavaiza, akaniuliza kitu kimoja tu, mahabusu hawa kabla ya kufika rumande wanapitia wapi? Wanapitia kotini. Na Katiba yetu ya 2010 kwenye kifungu cha 50 inampa mshtakiwa haki ya kesi kusikilizwa hadharani, hadharani maana yake hata mimi naweza kuketi benchi la nyuma. Tukakubaliana nizunguke koti za mahakimu huku Pwani, nisikilize watu wakisomewa mashtaka kwa mara ya kwanza. Koti zote nitazipa herufi, A, B, C, hazitatajwa kwenye projekti wala hapa, na majina ya watu hata kwenye notibuku hayaingii.

Wiki ya 2, Jumanne

Koti A. Simu imezimwa, kurekodi haramu, kalamu tu. Askari wa kotini kaniuliza dada una kesi? Nikamwambia hapana nasoma, akanisogezea benchi la ukutani ambapo feni inafika.

Kwa wasiowahi kuingia, asubuhi ya mashtaka mapya inakwenda hivi. Watu wanatolewa seli, wanaitwa mmoja mmoja kizimbani, karani anasoma shtaka kwa Kiswahili, anamalizia na swali, ni kweli au si kweli? Mtu anajibu, hakimu anaandika. Akisema si kweli inazungumzwa dhamana na tarehe. Akisema ni kweli, kiongozi wa mashtaka anaeleza kisa, mtu anaulizwa kama maelezo ni sawa, anahukumiwa, anaomba apunguziwe, anapewa adhabu, mara nyengine yote hayo kabla chai haijapoa. Nimejaza kurasa nne. Mkono unauma lakini nimefurahi, hii projekti iko.

Wiki ya 2, Ijumaa

Koti B. Watu wengi, nimeandika haraka haraka. Hakuna jipya.

Wiki ya 3, Jumatano

Leo ndio siku. Nataka niiandike yote kabla sijalala.

Ni kijana, mvuvi, fulana imepasuka begani na viganja vina zile alama nyeupe za kamba. Karani akasoma, kwamba siku fulani ufuoni aliiba jarife moja, yaani wavu mkubwa wa kuvulia, mali ya fulani, kinyume na kifungu cha 268 kikisomwa pamoja na cha 275 cha Kanuni ya Adhabu. Ni kweli au si kweli? Kijana akasema, "Ni kweli."

Nikaandika kwenye notibuku, nikaanza kumuwazia kifungo, kwa sababu 275 adhabu yake inafika miaka mitatu. Kiongozi wa mashtaka akaeleza, mlalamishi ni tajiri wa chombo, alikuta jarife halipo, likapatikana nyumbani kwa mshtakiwa, akakamatwa. Hakimu akainua uso akamuuliza, maelezo haya umeyasikia, ni ya kweli?

"Ni kweli nimelitukua," akasema, na kwa hilo neno tukua nikajua ni wa kwetu Lamu, "ni kweli liko kwangu. Lakini tajiri hajanipa fungu langu tangu kaskazi, mpaka sasa kusi limeingia. Nikamwambia mbele za watu, jarife nalishika, siku ukinilipa nalirudisha."

Koti likawa kimya kidogo. Hakimu akaweka kalamu chini akamwambia, wewe hukubali shtaka hili, unakubali kulichukua, nitaandika umekana. Kijana hakuelewa kabisa, akarudia, "Lakini ni kweli mheshimiwa," kama anayeogopa kuonekana muongo. Karani akamueleza pole pole.

Nilitoka nje nikaketi chini ya mwarobaini nikitetemeka kidogo, wallahi. Kwa sababu kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtu hana makosa ya jinai kuhusu mali kama alifanya kitendo akiamini kwa dhati kwamba ana haki juu yake, bila nia ya kudhulumu. Tumekisoma mwaka wa pili, nikakikariri kwa ajili ya mtihani, na leo nimekiona kimesimama kizimbani kimevaa fulana iliyopasuka na hakijijui jina lake. Kesi ya Adan ya 1973, ile ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki inayofuatwa hadi leo, imeweka hatua: shtaka lisomwe na lielezwe kwa lugha anayoijua mtu, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisa kielezwe, apewe nafasi ya kukipinga au kuongeza kitu, na akionyesha hakubali jibu libadilishwe liwe la kukana. Nilidhani ni utaratibu tu, kumbe ile hatua ya mwisho ndiyo mlango aliopitia kijana huyu. Hakimu asingeuliza mara ya pili, au angeuliza huku anaangalia faili linalofuata, kijana angefungwa kwa neno "ni kweli" ambalo kwa kinywa chake lilikuwa na maana ya sitaki kusema uongo.

Na huo mlango ukishafungwa ni mzito kuufungua. Kifungu cha 348 cha sheria ya utaratibu wa jinai kinasema aliyekubali kosa mbele ya hakimu hana rufaa ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Mawakili hupita kwa kusema jibu halikuwa la wazi, lakini hapo lazima rekodi ionyeshe aliyosema. Ikiwa imeandikwa ni kweli basi, utaonyesha nini?

Projekti ina swali jipya. Mtu akisema ni kweli, anasema kweli gani?

Wiki ya 4, Jumatatu

Nimekosea, na kosa ni kubwa.

Nimekaa leo kuingiza wiki mbili zote kwenye laptopu. Nafungua notibuku, safu ya majibu nimeandika G, yaani guilty, kwa aliyekubali, NG, not guilty, kwa aliyekana. G, G, NG, G. Ukurasa baada ya ukurasa. Maneno waliyosema hayapo. Hata yule kijana wa jarife, pale mwanzo kabla hajaeleza nilimuandikia G, na nisingerudi kuandika usiku ule hapa kwenye shajara maneno yake yangekuwa yamepotea. Kifungu cha 207 cha sheria ya utaratibu wa jinai kinataka mtu akikubali shtaka, kukubali kwake kuandikwe kwa maneno yaliyo karibu kabisa na aliyoyatumia, nami nilikwenda kupima koti zinakitekeleza vipi huku mkono wangu mwenyewe unakivunja, tena bila msongamano wa mafaili, bila mtu kunihimiza.

Nimewaza kwa nini. Nimesomeshwa sheria kwa Kiingereza miaka minne, sikio likisikia ni kweli, mkono unaandika lile neno la darasani kabla sijafikiri. Sasa kama ni mimi, mtoto wa mtaa wa Langoni kule Lamu, Kiswahili ndiyo lugha niliyoota nayo meno, je hakimu anayesikiliza kwa lugha moja na kuandika kwa nyengine tangu asubuhi? Sheria inaruhusu koti za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili, na Katiba kwenye kifungu cha 7 imezifanya zote mbili kuwa lugha rasmi, lakini rekodi nilizopata kusoma hadi sasa ni za Kiingereza.

Kurasa za wiki ya pili na ya tatu nimezitoa kwenye hesabu. Supavaiza kasema ziandike kwenye sura ya mbinu, usizifiche. Naanza upya kesho, safu ya majibu nimeipanua ichukue nusu ya ukurasa.

Wiki ya 5, Jumamosi

Halati amenipeleka mtaa wa Barani kwa mzee mmoja, karani wa koti mstaafu, amesomea watu mashtaka miaka na miaka katika koti tofauti. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukaletewa kahawa na kaimati, na kabla sijatoa kalamu akaniuliza mimi, mwanangu, unajua tafauti ya uliiba na ulichukua?

Nikajibu vya darasani, kuiba kuna nia ndani yake. Akasema sawa, sasa msikilize karani kijana akiwa na haraka. Shtaka limeandikwa uliiba, lakini mtu mzima kasimama mbele yako, umri wa babako, ulimi unaona haya kumwambia uliiba, unateremka wenyewe unasema ulichukua. Na yeye anajibu kweli, kwa sababu alichukua. Mashtaka ya kupigana pia hivyo hivyo, shtaka linasema ulimshambulia isivyo halali, karani anasema ulimpiga, naye anajibu kweli nilimpiga, yeye ndiye alioanza. Akanambia neno "isivyo halali" ndilo linaloanguka njiani mara nyingi kuliko yote, na ndilo limebeba kesi nzima.

Alafu akasema jambo ambalo sikuliona kwenye kitabu chochote cha chuoni. Kwa watu wetu, ukiulizwa na mkubwa mbele za watu, jibu la kwanza ni la adabu. Umesikia? Nimesikia. Ni kweli? Ni kweli. Anakuitikia kama anavyoitikia salamu, kukubali bado. Ndipo yeye alikuwa na desturi yake, mtu akisema ni kweli anamuuliza kweli gani, nieleze, na atakachoeleza anamtafsiria hakimu neno kwa neno. Mahakimu wengine walimpenda kwa hilo, wengine walimwambia mzee unatuchelewesha.

Nimeomba ruhusa kutumia hilo swali lake kama jina la projekti. Kanambia halina mwenyewe, tumia.

Wiki ya 6, Jumanne

Sijaenda kotini. Homa.

Wiki ya 6, Ijumaa

Nimeonana na mama mmoja nje ya koti C, baada ya yeye kutoka. Kosa lake dogo, la kulipa faini tu, alikubali akalipa, dadake alimletea pesa. Nikamueleza mimi ni nani, akakubali kuongea. Nikamuuliza ulisema ni kweli, kwani ilikuwa kweli? Akaniangalia. "Mwanangu wa miezi minane alikuwa kwa jirani tangu jana. Ningesema si kweli ningelala ndani tena."

Malcolm Feeley mwaka 1979 aliandika kuhusu koti za chini za New Haven, Marekani, akaonyesha kwamba kwa makosa madogo mzunguko wenyewe wa kesi, kukamatwa, kungoja, nauli, siku za kazi zinazopotea, ndio adhabu kubwa kuliko ile inayotamkwa mwisho, kwa hivyo watu wanakubali ili waondoke. Niliisoma nikaipigia mstari. Lakini mstari wa kalamu haulii usiku kwa jirani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba alichokiogopa Katiba imekikataza. Kifungu cha 49 kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Angesema si kweli alikuwa na haki ya kurudi nyumbani kwa mtoto wake akingoja tarehe. Hakujua, na wakili hakuwa naye. Mimi nilikuwa benchi la nyuma nalijua, kimya, kwa sababu mimi si wakili na mtafiti haruhusiwi kuingilia. Nimempigia supavaiza usiku, sauti ilikuwa inanikatika. Kanambia kumshauri mtu kesi yake siwezi, ila kumwambia mtu yeyote haki zilizoandikwa kwenye Katiba ya nchi yake hakuna aliyenikataza, na pia naweza kumuelekeza kwenye huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Tangu leo nina karatasi za Kiswahili cha kawaida, kifungu cha 49 na cha 50 ukurasa mmoja. Anayeongea na mimi nampa, nikishamaliza kumuuliza.

Wiki ya 7, Jumapili, Lamu

Nimerudi nyumbani siku mbili, harusi ya binamu. Jana jioni nimeketi na ami mbele ya ngome. Watalii wanaipiga picha, ni makumbusho sasa na maktaba imo ndani, lakini ami anaikumbuka ilipokuwa jela, mpaka 1984 wafungwa walikuwa humo katikati ya mji, watu wananunua samaki sokoni hapo ubavuni na nyuma ya ukuta kuna mtu wanayemjua kwa jina.

Nilimuuliza walipotoka ilikuwaje. Akanitajia mzee mmoja wa mtaani ambaye tangu nizaliwe namjua kwa jina la utani. Sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Limetoka humo ngomeni, alifungwa miezi michache ujanani kwa kitu kidogo ambacho ami mwenyewe hakikumbuki tena, akarudi na lile jina, akaoa nalo, akapata wajukuu nalo. Howard Becker, mwanasosholojia wa Marekani, 1963 alisema ukengeushi, yaani kwenda kinyume na desturi za watu, hautoki kwenye kitendo chenyewe, ni ile lebo ambayo wengine wamefaulu kumbandika mtu. Mwalimu alitupa mifano ya vijana wa Chicago. Mimi nilikuwa na mfano unaoniamkia kila asubuhi nikienda kununua mahamri na sikuuona. Nimeuweka kwenye sura ya pili, bila jina.

Wiki ya 8, Alhamisi

Sura tatu zimeandikwa, supavaiza amerudisha ya pili na maoni mengi, mengi ya haki. Anataka nipunguze hasira kwenye kurasa za dhamana na niongeze ushahidi. Anataka pia kila jibu la mshtakiwa liwe kwa Kiswahili kama lilivyosemwa, tafsiri ije chini yake, isitangulie. Hilo nilishaanza.

Koti A, kesi ya jarife. Nilihesabu siku kuifikia hii. Kumbe wazee wa ufuoni wamewakalisha tajiri na kijana, fungu la kaskazi limelipwa, jarife likiachiliwa na polisi ni la tajiri, hakuna anayelidai tena. Tajiri akaiomba koti aondoe malalamiko yake chini ya kifungu cha 204 cha sheria ya utaratibu wa jinai. Hakimu alimhoji kwa muda, umelazimishwa na mtu? Umetishwa? Akasema hapana, ni jirani yangu, msimu ujao nitamhitaji. Hakimu akaridhika, na kwa kifungu hicho akiruhusu tu mshtakiwa anaachiliwa huru. Nimeandika yote, mpaka pale tajiri aliposita kabla ya neno jirani.

Nje nilimfuata kijana nikajitambulisha, nikamwambia mimi ni wa Langoni, tukasalimiana kikwetu. Nikamueleza nimeandika maneno yake ya siku ile na naomba idhini yake, jina halimo. Akataka kuyaona. Nikamfungulia ukurasa, akasoma taratibu kidole kikifuata mstari, alafu kidole kikasimama.

"Hapa umeandika nimelichukua," akasema. "Mimi nilisema nimelitukua."

Ilikuwa ni nakala ya laptopu, niliyoichapa. Nimeitoa kalamu nikarekebisha hapo hapo mbele yake, na leo usiku napitia kurasa zote upya nikizilinganisha na notibuku.